Mfuko wa Safari: Kulala ngomeni, goti la bi mkubwa, na boma la Mikindani

Toleo lililopita tuliweka picha ya Neemrana, ile ngome ya zamani kule Rajasthan India ambayo sasa hivi ni hoteli, tukaandika mistari miwili mitatu chini yake basi. Kumbe tumechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi mpaka nimeamua mwezi huu ni ngome tu, wenye maswali ya viza ya Dubai na mabasi ya Kampala mnivumilie, nanyi mtajibiwa.

Shikamoo anti. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Gurugram pembeni ya Delhi namuuguza bi mkubwa, kabadilishwa goti na anaendelea vizuri, anatembea na kile kifremu cha chuma. Daktari hajaturuhusu kupanda ndege bado, tumechoka kukaa gesti kuangalia ukuta. Kaka yangu tuliyekuja naye kaona hiyo Neemrana kwenye gazeti lenu kwa simu, anasema si mbali, twende wote tukalale usiku mmoja, na mama mwenyewe ndo kashupaa kweli anataka kwenda. Unatushauri vipi? (Muuguzaji)

Marahaba mwanangu. Mpe mama pole, na wewe pia pole maana kuuguza ugenini ni kazi hasa.

Jibu ni hili: nyie vijana nendeni, mama asiende. Najua atanuna. Sababu ni ngazi, hakuna nyingine. Ile ngome imejengwa kuanzia mwaka 1464 kwenye ubavu wa kilima, haikujengwa juu ya sehemu tambarare halafu ikapandishwa ghorofa, hapana, imekaa kilima chenyewe, safu juu ya safu, zaidi ya kumi, kwahiyo ukitoka chumbani kwenda kunywa chai unashuka, ukitaka bwawa la kuogelea unapanda, ukisahau miwani chumbani ndo imekula kwako. Na hizo ngazi zenyewe si za siku hizi ambazo kila moja ina kimo sawa na mwenzake. Moja fupi, inayofuata inakufika karibu na goti, halafu kona ya giza, halafu tatu nyembamba ambazo hazina pa kushikilia mkono isipokuwa ukuta. Waliojenga walikuwa wanafikiria adui akiingia achoke na apotee, hawakufikiria wagonjwa wa goti. Hata kutoka gari linaposimama mpaka mapokezi kuna mpando wa mawe ambao wazima wenyewe wanapumzika katikati.

Tena muulizeni daktari kuhusu safari yenyewe ya gari. Kutoka Delhi ni kama kilomita 120 hivi kwa barabara kuu ya kwenda Jaipur, na kwa kuwa nyie mko Gurugram mmeshapunguza kidogo, ila foleni ya malori upande wa Manesar haina huruma, inaweza kula saa mbili na nusu mpaka tatu kwenda tu. Mtu aliyetoka kufanyiwa operesheni ya goti kukaa amekunja mguu muda wote huo ni jambo la kumuuliza mtaalamu, damu kuganda mguuni si hadithi.

Sasa fanyeni hivi. Nendeni kwa zamu, mmoja abaki na mama mmoja aende, au kama mna ndugu mwingine pale wa kukaa naye basi nendeni nyote wawili. Si lazima kulala, wanaruhusu wageni wa mchana kwa kiingilio, pigeni simu kabla maana siku wakiwa na harusi au wamejaa wanafunga mlango kwa wasiolala. Kodini teksi ya kutwa ambayo dereva anawasubiri, na kabla hamjakubaliana bei muulizeni waziwazi kama imejumuisha toll pamoja na kodi ya gari kuvuka jimbo, kwasababu mtatoka Haryana mkaingia Rajasthan na hapo mpakani ndipo madereva wanapogeuka, "sir, extra". Kama mtalala, bebeni pasi za kusafiria zenyewe, kopi haitoshi, na hiyo viza yenu ya kusindikiza mgonjwa, maana kila hoteli India inatakiwa imuandikishe mgeni wa nje serikalini ndani ya saa 24, wasipoziona hawawapi funguo. Kama pasi zimebaki hospitali kwa ajili ya mafaili zifuateni mapema.

Na bi mkubwa naye atolewe nje jamani. Mpelekeni Lodhi Garden hapo Delhi, bustani kubwa ya bure, njia zake bapa hata kiti cha magurudumu kinapita, na ndani yake kuna makaburi ya masultani wa karne ya 15, yaani umri ule ule wa Neemrana, mapana, na kuba juu. Atakaa kwenye benchi aone majengo ya kale na kasuku wa kijani wakipigana juu ya miti, na mguu wake uko salama. Nendeni asubuhi kabla jua halijakaza.

Anti mambo. Nipo Muscat nafanya kazi, nina likizo mwezi wa sita, nauli ya Delhi nimeiona rahisi. Niende Neemrana? (Mpenda Picha)

Poa mdogo wangu. Mwezi wa sita usiende. Wewe uko Muscat unajua joto, basi ndo lile lile, Rajasthan mwezi wa tano na wa sita inavuka digrii 40 na mawe ya ngome yanahifadhi joto mpaka usiku. Unakimbiaje Muscat kwenda Muscat nyingine? Ndo maana nauli ni rahisi. Sogeza likizo kama bosi ataelewa, mwezi wa 11 mpaka wa pili ndo wenyewe, ila Disemba na Januari kuna ukungu mzito asubuhi kwenye ile barabara, usikodi gari la kuondoka alfajiri. Bei zinapaa Diwali, mwaka mpya na wikiendi zote kwasababu watu wa Delhi wenyewe wanakimbilia huko, kwahiyo lala Jumatatu au Jumanne. Chumba usichukue bila kukiona picha, kila kimoja kina umbo lake na jina lake, kuna kilichokuwa sebule ya wakubwa na kuna kilichokuwa sijui stoo ya nafaka, bei tofauti na ukubwa tofauti kabisa. TV usiitegemee.

Chakula kipo cha aina nyingi, nyama uliza kama ni halali, ukisita kula mboga, wenzetu kwenye mboga na dengu hawana mpinzani. Ng'ombe usiulizie, Rajasthan kumchinja ni kosa kisheria.

Habari za kazi dada. Nimeona mnaisifia hiyo hoteli lakini jengo la miaka 500 na zaidi si litakuwa na majini? Mke wangu amesema hakanyagi. (Baba Wawili, Temeke)

Nzuri kaka. Mimi majini siwajui wala siwapingi, kila mtu na imani yake. Ninachoweza kukwambia ni kwamba usiku utasikia vitu. Milango ya mbao nene inalia, upepo unaingia kwenye yale madirisha ya mawe yaliyotobolewatobolewa kama shanga unatoa sauti ya mluzi, njiwa wanahamahama darini, na tausi wa huko akipiga kelele alfajiri utadhani mtoto kachomwa. Huyo ni ndege, mwambie shemeji.

Lakini kama ameshasema hakanyagi usimlazimishe, utakuja kulipia chumba halafu mkeshe na taa imewashwa. Nendeni mchana.

Dada, nimevutiwa kujua wahindi walifanyaje. Huku kwetu jengo la zamani likianza kuvuja linaachwa mpaka lianguke halafu tunaanza kulia urithi urithi. Wao wametoa wapi hela? Na kwanini sisi Fort Jesus ya Mombasa au Ngome Kongwe ya Unguja tusiifanye hoteli tukapata mapato? (Mwalimu wa Historia, Kilifi)

Mwalimu hili swali lako nimelipenda na nitakaa nalo kidogo.

Kwanza ujue India hoteli za namna hii hazikuanza kwa kupenda historia, zilianza kwa shida ya hela. Kulikuwa na wafalme wadogo wadogo mamia, kila mmoja na ngome yake na kasri lake. Uhuru ulipokuja 1947 falme zikaunganishwa na nchi, miaka iliyofuata ardhi kubwa kubwa zikachukuliwa na serikali, wakabaki na posho tu, na mwaka 1971 Indira Gandhi akaifuta hata hiyo posho. Sasa fikiria, una nyumba ya vyumba mia, paa linavuja, watumishi hawana mshahara, na wewe mwenyewe ni mfalme wa jina. Wenye akili walishaliona mapema, Jaipur kasri la Rambagh liligeuka hoteli mwaka 1957, Udaipur lile la katikati ya ziwa likafuata miaka ya 60. Baadae serikali nayo ikaweka daraja maalum la hoteli za urithi, jengo liwe la kabla ya 1950, ndo utitiri ukaja.

Neemrana yenyewe ni ya ukoo wa Chauhan, wale wanaojihesabu kizazi cha Prithviraj Chauhan, mfalme aliyeshindwa na mvamizi Muhammad Ghori vitani Tarain mwaka 1192. Walikuja kuijenga pale karne kadhaa baada ya kupoteza Delhi. Raja wa mwisho kukaa mle alihama 1947 akaenda kuishi chini kwenye nyumba ya kawaida zaidi, ngome ikabaki na popo, kuta zikaanza kumomonyoka. Mwaka 1986 wakaja kuinunua Aman Nath, mwanahistoria wa India, na Francis Wacziarg, mfaransa aliyelowea India, pamoja na wenzao. Na hapa ndo penye kazi mwalimu: hawakuimaliza kwanza ndo wafungue. Walifungua 1991 na vyumba vichache tu, vilivyobaki vikiwa magofu, hela ya wageni wa vyumba vile ikatengeneza vingine, mwaka hadi mwaka, sasa hivi vimepita 70. Walitumia mafundi wa vijijini pale pale na chokaa badala ya kubandika saruji, na wewe mtu wa pwani unajua vizuri saruji inachofanya kwenye ukuta wa mawe na chokaa, unyevu unakosa pa kutokea, ukuta unaoza kwa ndani huku nje unang'aa.

Sasa rudi kwetu. Ngome zetu nyingi hazikuwa nyumba ya mtu. Zilikuwa mali ya dola. Mreno kajenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596 kwa ajili ya askari na mizinga, akaja Mwoman akaichukua, akaja Mwingereza akaifanya jela mpaka 1958. Hakuna mjukuu wa raja aliyebaki mle ndani na paa linalovuja ambaye tumbo linamlazimisha atafute wageni, kuna ofisi tu, na ofisi haina njaa. Ndo maana zetu zimekuwa jela, stoo, ofisi za wilaya, na zikibahatika makumbusho. Arusha boma la Mjerumani ni makumbusho, Iringa hivyo hivyo.

Mimi kwa Fort Jesus nakataa hoteli, na nakataa kwa sauti. Ile ni urithi wa dunia tangu 2011, na kikubwa zaidi leo mtoto wa Kilifi anaingia na darasa lake kwa kiingilio cha mwanafunzi, akashika mzinga, akaona michoro ya mabaharia wa Kireno ukutani. Siku ikiwa hoteli huyo mtoto ataishia getini kwa mlinzi. Ngome Kongwe pia iacheni, tamasha la Sauti za Busara watu wanacheza mle ndani mpaka usiku, hiyo tayari ni kazi nzuri kwa ngome.

Ila majengo ambayo hayana mtu, hayana paa na hayana bajeti, hayo mimi sina ubishi nayo. Hispania serikali yenyewe ndo mwenye hoteli, wana hoteli za umma zinazoitwa Paradores tangu 1928, ngome na nyumba za watawa za zamani, jengo linabaki mali ya taifa na mgeni analipa. Pakistan kule milimani Shigar kuna ngome ya karne ya 17 iliyokarabatiwa na taasisi ile ile ya Aga Khan iliyookoa jengo la Dispensari ya Kale pale Unguja, sehemu wamefanya vyumba vya wageni na sehemu makumbusho. Kwahiyo mifano si lazima iwe ya kumuuzia tajiri.

Anti shikamoo. Kwani mpaka India? Mbona sisi Mikindani tuna boma la Mjerumani na watu wanalala? Mbona hamlisemi? Ila nina swali. Babu yangu mzaa babu alikuwa anahadithia kwamba walichapwa viboko bomani. Mchumba wangu anataka tukafanyie fungate hapo. Moyo unasita. (Mmakonde wa Dar)

Marahaba, na umenishika pabaya, kweli tulikuwa hatujalisema.

Kwa wasiojua: Mikindani ni mji mkongwe wa bandari kilomita kumi hivi kabla hujafika Mtwara mjini, ghuba imejikunja imetulia kama sinia la maji. Wajerumani walijenga boma lao pale mwaka 1895, juu kidogo ya mji, kuta nene nyeupe na mnara, unaona kila jahazi linaloingia, na ndo ilikuwa nia yao. Baadae likaachwa likachakaa, mwishoni mwa miaka ya 90 shirika moja la hisani la Uingereza linaitwa Trade Aid likalikarabati na kulifanya hoteli ndogo, lengo likiwa vijana wa pale pale wajifunze kazi za hoteli na mji upate chochote. Si kubwa, vyumba vichache, kwahiyo ulizieni nafasi mapema na mhakikishe hali ilivyo kabla ya kulipa nauli. Mabasi ya Dar yanapita Mikindani kwanza, mwambie konda akushushe, usipelekwe Mtwara halafu urudi na bajaji. Msimu wa mvua ulizia barabara, mwezi wa tano 2024 baada ya kimbunga Hidaya pale Somanga ilikatika kabisa, watu walilala njiani.

Sasa moyo wako. Kusita kwako kuna haki. Boma halikuwa nyumba ya wageni, lilikuwa mahali pa kodi, pa kesi, na pa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, na wazee wa kusini wanaijua hiyo hamsa ishirini bila kusoma kitabu. Miaka kumi tu baada ya kujengwa sehemu kubwa ya kusini ikawaka vita vya Maji Maji. Kuna ndugu zetu hawawezi kulala mle na siwalaumu.

Mimi kwa maoni yangu ningelala. Kwasababu lile jengo lilijengwa ili babu yako aingie kwa mlango wa nyuma amefungwa, na wewe unaingia mlango wa mbele na funguo mkononi na mchumba, unaagiza pweza wa nazi na wanakuletea. Lakini usikae kimya humo. Ulizia kijana wa kuwatembeza mji, na mwambie wazi unataka habari za bomani, zote, maana wageni wengi wanaonyeshwa nyumba yenye mlango wa nakshi inayohusishwa na Livingstone, aliyepitia pale mwaka 1866 akienda bara, halafu basi, mji mzima wa karne na karne unakuwa mzungu mmoja aliyekuwa anapita. Uliza soko la watumwa lilikuwa wapi. Uliza mahabusu ilikuwa chumba gani, na ukionyeshwa na usijisikie vizuri chukueni chumba upande mwingine au mlale Mtwara na mje boma mchana kwa chakula. Fungate si mtihani. Na muulize mchumba wako anajua hiyo hadithi ya babu au bado hujamwambia, maana barua yako imenifanya nihisi bado.

Anti mimi nataka kwenda Neemrana kupiga picha za harusi tu, sihitaji chumba. Na ile kamba ya kuteleza angani (zip line) iliyopo hapo ngomeni naweza kupanda na gauni? (Bibi Harusi Mtarajiwa, Nairobi)

Picha za simu zako mwenyewe hamna tatizo ukishalipa kiingilio. Ukija na mpiga picha, mataa na mtu wa mekapu hiyo ni habari nyingine, wataomba ada na kibali cha mapema, waandikie kabla hujakata tiketi ya ndege.

Kamba na gauni hapana mama. Unafungwa mikanda mapajani na kiunoni, na kuna kupanda mlima kwa miguu kwanza kufika inapoanzia. Vaa suruali na raba, gauni mwachie mpambe wako, na viatu vya kisigino usivitoe kwenye begi kabisa, nimeshaeleza zile ngazi zilivyo. Pembeni ya ngome, kijijini, kuna kisima cha kale cha ngazi, kinashuka chini ghorofa kama tisa hivi, matao juu ya matao, picha zake ni kali kuliko hata za ngome yenyewe na hakijai watu. Hakina kizuizi pembeni, kwahiyo mpiga picha akikwambia rudi nyuma kidogo, geuka uangalie kwanza.